Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji: Kaboni inayonasa dhahabu Chunya inase na sumu

Mheshimiwa Waziri wa Maji,

Mimi ni mwalimu wa kemia. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili linawagusa watu wengi wanaochota maji jirani na machimbo ya dhahabu ya Chunya, Songwe na Iringa Vijijini, na wao wana haki ya kusoma ninachokuomba kwa niaba yao. Ninaomba maji ya vijiji hivyo yapimwe metali nzito na majibu yabandikwe kijijini. Pale sumu itakapoonekana, wizara yako iweke vichujio vya mkaa ulioamilishwa huku ikitafuta chanzo kingine cha maji.

Dhahabu ya Lupa, huko Chunya, imechimbwa tangu miaka ya 1920, na hadi leo inalisha familia nyingi. Sina ugomvi na wachimbaji wadogo, maana wengine ni wanafunzi wangu wa jana. Lakini tazama kazi inavyofanyika. Mawe yanasagwa kwenye karasha mpaka yawe unga, unga unaoshwa kwa maji, kisha mchanga mzito uliobaki unatiwa kwenye beseni pamoja na zebaki. Mchenjuaji anauvuruga kwa mikono mitupu hadi zebaki ishikamane na dhahabu. Donge linakamuliwa kwenye kitambaa, halafu linachomwa motoni. Ule mvuke unaopaa ni zebaki yenyewe, na baadaye hutua kwenye udongo na kwenye mapaa ambayo watu wanakinga maji ya mvua. Maji ya beseni yanamwagwa chini. Mchanga uliokwisha kuoshwa, yaani marudio, unalundikwa kusubiri mnunuzi.

Mnunuzi akija, marudio yanakwenda kwenye mitambo ya sayanaidi. Sayanaidi inayeyusha dhahabu iliyosalia, kisha maji yake yanapitishwa kwenye kaboni: chembe nyeusi, ngumu, ndogo kama punje za mchele, ambazo kwa kawaida hutengenezwa kwa vifuu vya nazi. Dhahabu hunata kwenye chembe hizo, nazo hukusanywa na kulindwa usiku na mchana. Sayanaidi hiyohiyo huyeyusha pia sehemu ya zebaki iliyobaki kwenye marudio, na kaboni huinasa pamoja na dhahabu. Kwa hiyo Chunya haihitaji kufundishwa upya kwamba kaboni inanasa metali zilizomo kwenye maji. Mafundi wanaoijua wapo, na bidhaa yenyewe inauzwa. Kwa sasa inamhudumia mwenye dhahabu, na mama anayechota maji kwenye kisima cha mchangani hajaonja faida yake.

Kaboni hiyo ndiyo mkaa ulioamilishwa, na si ule wa jikoni. Vifuu, mbao au magunzi huchomwa kwa hewa kidogo, kisha hupashwa kwa mvuke katika joto la nyuzi 800 hadi 900 za Selsiasi, au hutibiwa kwa kemikali kama asidi ya fosfori. Hapo ndani ya kila chembe hufunguka vitundu visivyoonekana kwa macho, kiasi kwamba gramu moja inaweza kuwa na eneo la ndani la mita za mraba 1,000. Metali zilizoyeyuka hukutana na eneo hilo kubwa na kunata humo. Kuchemsha maji kunaua vijidudu tu. Metali hubaki, na maji yakipungua sufuriani zinazidi kukolea. Dawa ya klorini nayo haiziondoi.

Nisikufiche mipaka yake, maana kichujio kinachosifiwa kupita uwezo wake ni hatari kuliko kukosa kichujio. Zebaki hunaswa vizuri, hasa mkaa ukiwa umetiwa salfa. Risasi na kadimi hutegemea uchachu wa maji na jinsi mkaa ulivyoandaliwa. Aseniki huupita mkaa wa kawaida kwa urahisi, hivyo huhitaji mkaa uliopakwa madini ya chuma. Tena kila mkaa hushiba, na ukishashiba maji hupita na sumu yake ilhali mtumiaji bado anaamini yamesafishwa. Ndiyo maana ninaanza na vipimo. Bila kujua ni metali gani iliyomo, na kwa kiasi gani, hatuwezi kuchagua mkaa wala kujua siku ya kuubadilisha.

Viwango vipo. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba lita moja ya maji ya kunywa isizidi mikrogramu 10 za risasi, 10 za aseniki na 6 za zebaki. Viwango hivyo haviwezi kugunduliwa kwa macho wala kwa ulimi, kwa sababu maji yenye sumu hii yanaweza kuwa meupe na matamu. Zebaki huharibu neva na figo, na risasi hudumaza akili ya mtoto. Dunia ilijifunza hayo Minamata, Japani, ambako ugonjwa uliotokana na zebaki ya kiwandani ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Mwaka 2010 ikawa zamu ya Zamfara, Nigeria, ambako watoto zaidi ya 400 walikufa kwa risasi iliyotoka kwenye mawe ya dhahabu yaliyosagwa vijijini mwao. Tanzania imejiunga na Mkataba wa Minamata, na hilo ni jambo jema. Lakini mkataba unazungumzia zaidi zebaki itakayotumika kesho, na iliyomwagwa jana bado imo kwenye udongo wetu.

Jiografia nayo inatubana. Maji ya Lupa huishia Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto unaotoka. Kinachoingia humo hakina njia ya kwenda baharini. Katika tope la chini, vijidudu huweza kuigeuza zebaki kuwa aina inayopanda kwenye samaki, na samaki huletwa mezani. Upande wa Iringa, machimbo ya Nyakavangala yako katika bonde la Ruaha Mkuu, mto unaolisha Mtera na Kidatu.

Malighafi ya vichujio tunayo. Mufindi kuna msitu wa Sao Hill, na kuuzunguka viwanda vya mbao vinavyotupa mabanzi na unga wa mbao. Mbeya na Songwe tunabaki na magunzi kila msimu wa mahindi. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya na Chuo cha Mkwawa pale Iringa vinaweza kupewa kazi ya kuandaa mkaa huo na kuujaribu kwa maji halisi ya vijiji vyetu. Wizara yako si mgeni katika kazi ya namna hii, kwani kituo chake cha Ngurdoto, Arusha, kimefanya kazi ya kuondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa.

Mheshimiwa, naomba utekelezaji uanze hivi. Maabara za ubora wa maji za Mbeya na Iringa, zikishirikiana na Mkemia Mkuu wa Serikali na bodi za maji za mabonde ya Rukwa na Rufiji, zichukue sampuli za visima, mito na maji ya mvua karibu na mialo ya kuchenjulia dhahabu na mitambo ya sayanaidi. Majibu yabandikwe ofisi ya kijiji kwa Kiswahili, maana Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwananchi nafasi ya kuyadai. Kisha Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA) ifunge vichujio kwenye shule na zahanati za vijiji vitakavyokutwa na sumu, kila kichujio kikiwa na fundi, daftari la vipimo na tarehe ya kubadilisha mkaa. Mkaa ulioshiba usitupwe jalalani wala kuchomwa, kwa kuwa zebaki itarudi kwenye udongo au hewani. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) lisimamie ukusanywaji wake, na pia liwabane wenye mitambo wasiache marudio wazi yakasombwa na mvua.

Mvua zetu huanza Novemba. Naomba sampuli za kwanza zichukuliwe kabla mvua hazijaanza, na za pili zichukuliwe Aprili mvua zikiisha, ili tujue kilichosombwa. Tafadhali toa agizo hilo mwaka huu, na majibu tuyasome kwenye ubao wa kijiji.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu wa kemia, Mbeya