Mchanga Safi si Maji Safi

Wanafunzi wenzangu, nanyi ndugu mliotutangulia katika shule hii,

Likizo ya Desemba ikifika, kiangazi huikausha nchi yetu ya Ayivu, na vijana huanza kupanga safari ya kushuka Panyimur kuliona Ziwa Albert. Wako wazee wasemao kwamba safari hiyo ni anasa tu, tena ziwa lina maradhi, heri ikatazwe. Mimi sikubaliani nao. Twende, lakini twende kwa adabu.

Kuliona ziwa ni elimu. Darasani twasoma kwamba urefu wake ni kama kilomita 160, nasi twaikariri hesabu hiyo bila kuielewa. Lakini mtu akipita Nebbi na Pakwach, akasimama mchangani na kutazama kusini asione mwisho wa maji, ataelewa mara moja. Ataelewa pia kwa nini Wanyoro waliliita Mwitanzige, yaani muua nzige. Jina la Albert lilikuja mwaka 1864, alipofika Mwingereza Samuel Baker.

Hata hivyo, wanaoogopa maradhi hawasemi uongo. Kichocho kipo. Mayai yake hutoka katika kinyesi cha mgonjwa. Yakifika majini huanguliwa, na vijidudu huingia ndani ya konokono, vikaongezeka humo, kisha vikatoka kumtafuta mtu. Hupenya ngozi kwa dakika chache, wala macho hayavioni. Mchanga ukiwa safi namna gani, hauvizuii.

Basi tusimlaumu konokono peke yake. Mzunguko huo huanza kwa mtu aliyejisaidia kando ya maji. Nasi wageni tukishuka arobaini katika basi moja, bila kuuliza choo kiko wapi, twaweza kuongeza taabu hiyo. Jioni sisi twarudi kwetu. Watoto wa pale huamka kesho wakachota, wakaoga na kuvua katika maji yale yale.

Dawa ipo. Tangu mwaka 2003 Serikali ya Uganda imeendesha mpango wa kugawa vidonge vya prazikwanteli, na shuleni mtoto hupimwa kimo ili ijulikane ameze vingapi. Lakini dawa huua wadudu waliokwisha komaa mwilini. Haimkingi mtu anayerudi majini. Dawa bila choo ni kama kukumba maji katika mtumbwi uliotoboka.

Shauri langu ni hili. Tutembee mchangani, tucheze mpira, tuwatazame wavuvi, tununue samaki wao; majini tusiingie. Aliyeingia aende kwa mganga wa kituo cha afya baada ya wiki 6 hadi 8, maana dawa ikimezwa mapema haiwaui wadudu wachanga. Tena nauli ya safari iongezwe kidogo, tuwachangie wenyeji saruji ya choo. Ndugu zetu wa zamani mlio na kazi, hapo msaada wenu utafaa sana.

Huenda mtu akasema kwamba kwenda ziwani bila kuogelea ni kama kwenda arusini bila kula. Namjibu kwamba chakula cha arusi hii kina sumu, na wenyeji hukila kila siku. Wahenga walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi tukishuka ziwani, tuwe wageni wa namna hiyo.