Bart Ana Miaka Mingapi?

Muhula uliopita chama chetu cha Kiswahili kilifanya mjadala uliozua kelele hata mwalimu mlezi wa chama akaja kututuliza. Hoja ilikuwa kwamba watunzi wa katuni ya The Simpsons wanatudanganya kuhusu umri wa Bart. Mimi niliunga hoja mkono, na upande wetu ukashinda. Leo nimeshika kalamu kujipinga mwenyewe. Usinicheke, soma kwanza.

Kwa wasioijua, hii ni katuni ya Marekani iliyobuniwa na Matt Groening. Kipindi chake cha kwanza kilionyeshwa tarehe 17 Disemba 1989. Bart alikuwa na miaka 10, mwanafunzi wa darasa la nne. Dadake Lisa alikuwa na miaka 8, naye kitinda mimba Maggie mwaka mmoja. Hadi leo Bart yuko darasa la nne! Sote twawajua watu waliorudia darasa, lakini huyu jamaa amepita kiasi.

Hoja yetu ya kwanza ilikuwa hesabu tu. Aliyekuwa na miaka 10 mwaka wa 1989 sasa amepita 40. Babake, Homer, angali anaonyeshwa kama mtu wa miaka thelathini na kitu. Yaani mtoto amemzidi baba umri!

Kisha tukaleta ushahidi. Kipindi kimoja cha mwaka wa 1991 kinasema Homer na Marge walianza kupendana mwaka wa 1974, wakiwa wanamaliza shule ya sekondari. Kingine cha 1992 kinaonyesha Lisa akizaliwa wakati wa Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles, 1984. Hapo hesabu ni sawasawa, maana kutoka 1984 hadi 1992 ni miaka 8. Lakini mwaka wa 2008 kikaja kipindi kinachowaonyesha Homer na Marge wakiwa vijana wasio na mtoto katika miaka ya tisini. Loo! Miaka hiyo hiyo Bart alikuwa kwenye runinga akiandikishwa mistari ubaoni kama adhabu. Wapinzani walijitetea ati hata Sungura wa hadithi hazeeki, tukawazomea. Makofi yakawa yetu.

Siku hiyo nilifika nyumbani na kichwa kikubwa. Nikamkuta mdogo wangu akimtazama Bart kwenye simu ya Mama. Nikaanza kumhubiria: "Wajua huyu ni mzee?" Akaniangalia kama mwendawazimu. "Si mzee. Ana kumi, kama mimi." Akaendelea kucheka.

Nikanyamaza. Nilipokuwa na miaka 7, Bart kwangu alikuwa kama kaka mkubwa. Nilipofika 10 tukawa rika moja. Sasa nina 16, namwona kitoto kinachohitaji kukaripiwa. Kumbe yeye alibaki palepale, aliyesonga ni mimi. Lau angekua pamoja na watazamaji wa 1989, mdogo wangu angemkuta baba wa watu mwenye kitambi, akilalamikia kodi ya nyumba. Angecheka na nani?

Ndipo nikamkumbuka yule Sungura tuliyemzomea. Nyanya alimsimulia Mama hadithi zake, Mama akanisimulia mimi, na Sungura hajaota mvi hata moja. Hakuna aliyelalamika. Tofauti ni kwamba Nyanya alianza kwa "hapo zamani za kale", hakutaja mwaka. Watunzi wa Bart walitaja 1974 na 1984, wakajifunga kamba wenyewe. Miaka ilipozidi kwenda, ikabidi wachague kulinda tarehe au kumlinda mtoto wa miaka 10. Walimchagua mtoto. Kwa maoni yangu, walichagua vyema.

Hata hivyo, lawama kidogo wanastahili, nasi tujifunze tunapoandika insha. Wahenga walisema ahadi ni deni. Nami naongeza kuwa tarehe pia ni deni. Usiitaje kama huna nia ya kuilipa.

Wenzangu wa upande wa kuunga mkono, najua mtaniita msaliti. Haya, hoja ni kwa hoja. Tukutane kwenye mjadala ujao.