Tusiitwe Watu wa Magendo

Kuna neno moja la Kiswahili ambalo karibu kila Mganda analijua, hata yule asiyeweza kusalimu kwa Kiswahili. Neno hilo ni magendo. Lilienea nchini miaka ya 1970, wakati wa utawala wa Idi Amin, bidhaa zilipoadimika madukani na watu wakaanza kuvusha kahawa, sukari na sabuni mipakani. Utawala ule ulipita lakini neno likabaki, na leo limebandikwa juu yetu sisi wa West Nile. Ukisema Kampala kwamba kwenu ni Arua au Koboko, atatokea mtu wa kukuuliza kwa utani bei ya mafuta ya Congo. Hata katika mijadala ya darasani nimewasikia wenzangu, wasomi kabisa, wakisema kwamba watu wa mpakani hawapendi kulipa kodi.

Insha hii inaipinga kauli hiyo. Mtu wa mpakani hazaliwi na magendo. Anafundishwa magendo na utaratibu unaomfanya mkweli alipe zaidi, asubiri zaidi na aaibishwe zaidi kuliko mwongo. Nitatumia mfano wa kununua gari Congo na kulileta nyumbani, kwa sababu katika jambo hilo utaratibu wote unaonekana waziwazi, tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho.

Kwanza tuelewe mahali tulipo. Sisi wa Lurujo tuko karibu na Congo na Sudan Kusini kuliko tulivyo karibu na mji mkuu wetu. Mtu wa huku huenda soko la Ariwara, Congo, asubuhi na kurudi jioni. Kampala iko karibu kilomita 500 kutoka Arua, na Mombasa, ambako magari ya Uganda hushushwa melini, iko zaidi ya kilomita 1,000 mbele ya Kampala. Wakakwa wako Koboko, wako Yei na wako Congo. Walugbara wako Arua na wako Aru. Mpaka umepita katikati ya koo na mashamba, na uliwekwa na watu ambao hawakutuuliza: sehemu hii ilikuwa ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji hadi alipokufa mwaka 1909, ikarudishwa Sudan, kisha ikaunganishwa na Uganda kufikia 1914. Kwa hiyo mtu wa Lurujo akitaka gari, macho yake hayaangalii Kampala. Yanaangalia Ariwara na Aru, kwa sababu huko ana shemeji, ana lugha na ana mfanyabiashara anayemjua.

Sasa litazame gari lenyewe. Mengi ya magari yanayouzwa Aru na Ariwara hayakutengenezwa Congo. Yametoka Japani, yakashushwa Mombasa, yakapita Malaba, Kampala na Arua, yakavuka mpaka pale Vurra yakiwa mali ya safari. Yaani gari limepita barabara yetu, limetutimulia vumbi, likaenda kulipiwa ushuru Congo. Mtu wa huku akilinunua na kulirudisha umbali ambao pikipiki huumaliza kwa saa moja au mbili, sheria inalitazama kana kwamba limetoka Japani jana. Ushuru uliolipwa Congo hauhesabiwi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Tulishangilia, tukaambiwa soko limekua. Lakini msamaha wa ushuru ndani ya Jumuiya ni wa bidhaa zilizotoka katika nchi wanachama, na Toyota haitoki Congo. Kwa hiyo soko la pamoja linamfaa mwenye maharage na mihogo, ila mwenye gari anabaki pale alipokuwa kabla ya 2022.

Baba yangu mdogo aliijua hesabu hii kwa fedha zake mwenyewe. Ni mkulima wa mihogo na simsim. Aliweka akiba miaka mingi, akauza ng'ombe, akanunua pikapu ndogo iliyotumika ili aweze kubeba mazao ya jirani zake hadi sokoni na kuwapeleka wagonjwa hospitali usiku. Wenzake walimshauri apite njia ya panya. Alikataa. Alisema, "Mimi ni mzee wa kanisa, sitaingia kwangu kama mwizi." Akaendesha hadi kwenye ofisi ya forodha mchana, akiwa na risiti ya muuzaji na karatasi za Congo mkononi.

Ukweli wake ulipokelewaje? Gari liliwekwa uani na funguo zikachukuliwa. Karatasi zake zilikuwa za Kifaransa, fomu zilikuwa za Kiingereza, na mazungumzo yote dirishani yalikuwa ya Kiswahili, lugha ambayo haikuwa na nafasi hata moja kwenye zile fomu. Aliambiwa hawezi kujaza mwenyewe, atafute wakala. Wakala akataka malipo yake kwanza. Kisha akaambiwa kwamba risiti yake haihesabiki, maana thamani ya gari husomwa kwenye orodha ya bei ya mamlaka ya kodi, si kwenye mfuko wa mnunuzi. Kisha akaulizwa cheti cha ukaguzi, kile ambacho magari yaliyotumika hupewa kabla ya kupakiwa melini huko yanakotoka. Nani wa kukagua magari Ariwara? Kila aliporudi ofisini alikuta mtu mwingine dirishani na swali jingine. Na siku zote hizo, gari lilikuwa likihesabiwa ada ya kukaa uani.

Naomba tufanye hesabu pamoja kwa viwango ambavyo wanunuzi wa magari yaliyotumika Uganda wamevizoea kwa miaka mingi. Tuseme orodha inalithamini gari kwa shilingi milioni 10. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni milioni 2.5. Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18 ya thamani pamoja na ushuru, ni milioni 2.25. Kodi ya zuio ya asilimia 6 ni laki sita. Tozo ya miundombinu ya asilimia 1.5 ni laki moja na nusu. Gari likiwa kuukuu, kuna tozo ya mazingira ambayo imewahi kufika asilimia 50, yaani milioni 5. Jumla ni milioni 10 na nusu. Kodi imelipita gari lenyewe! Na hapo sijaweka wakala, ada ya uani, nambari za usajili, nauli za kwenda na kurudi, wala "chai" ambayo hakuna anayeiandikia risiti.

Aliyenunua gari lake Kampala hulipa kodi hizihizi, sikatai. Tofauti ni kwamba yeye hulipa mara moja. Kwa mpango wa Himaya Moja ya Forodha ulioanza 2014, gari la Uganda linaweza kulipiwa kodi kabla halijaondoka bandarini Mombasa. Gari la baba mdogo lilikuwa limelipiwa Congo, na bei aliyotoa Ariwara ilikuwa na ushuru ule ndani yake. Yeye alidaiwa mara mbili kwa gari moja, ndani ya Jumuiya moja.

Usukani nao una kesi yake. Uganda tunaendesha kushoto, Congo wanaendesha kulia. Sudan nayo ilihamia kulia mwaka 1973, na Sudan Kusini imebaki hivyo. Kwa hiyo Koboko imezungukwa na nchi mbili zinazoendesha kulia. Gari lenye usukani wa kushoto halisajiliwi Uganda kama gari la kawaida, na sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inakataza kuingiza gari lililotimiza miaka 15 tangu kutengenezwa. Sababu za sheria hizo ninazielewa. Lakini tazama matokeo yake huku. Mnunuzi ambaye hakuelezwa mapema huyajua hayo gari likiwa tayari uani. Nimepita katika vituo vyetu vya mpakani nikaona matangazo ya Ebola, ya uhamiaji na ya rushwa. Sijaona tangazo hata moja, kwa Kilugbara, Kikakwa, Kiswahili wala Kiingereza, linalomwambia mwananchi: gari la namna hii usilinunue, la namna ile utalilipia kiasi hiki.

Wakati baba mdogo akisubiri, kijana mmoja wa kijiji cha jirani alivusha pikipiki yake ya Congo usiku mmoja tu. Haina nambari wala bima, na ajali ikitokea hakuna wa kumdai. Lakini anafanya kazi ya bodaboda na watoto wake wanakwenda shule. Vijana wengi wa huku wako kama yeye. Husakwa kwenye misako, hukamatwa, hulipa kitu kidogo, huachiwa, husakwa tena. Serikali haipati kodi, abiria hana usalama, kijana hana amani. Anayefaidi ni yule anayesimama kati ya sheria na mwananchi akiwa amenyoosha mkono.

Historia yetu ingepaswa kuwa imetufunza. Baada ya mwaka 1979 watu wengi wa West Nile walikimbilia Congo na Sudan. Waliporudi walikuta hakuna kazi, bali walikuwa na ndugu na marafiki ng'ambo. Ndipo wakatokea wale vijana wa Arua waliojulikana kama OPEC Boys, waliouza mafuta ya Congo kwa madumu kando ya barabara. Mji uliwaita wahalifu mchana na kununua mafuta yao jioni. Askari walitumwa mara nyingi, lakini biashara haikufa kwa askari. Mahali ambapo njia halali ni ndefu kuliko maisha ya mtu, watu watakata njia fupi.

Najua majibu nitakayopewa. La kwanza ni kwamba kodi ndiyo inayotutunzia barabara. Ni kweli. Lami ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, kilomita 92, ni jambo tuliloliombea, na itatunzwa kwa kodi. Lakini barabara ile inaunganisha mpaka na mpaka. Ilijengwa ili watu na mali wavuke. Nami sidai tusamehewe kodi. Nadai kodi inayolipika. Kodi ya milioni 10 ambayo hailipwi na mtu ni ndogo kuliko kodi ya milioni 3 inayolipwa na watu mia.

Jibu la pili ni usalama: magari ya wizi huvuka mpaka. Huvuka, naam. Lakini mwizi wa gari haji ofisini mchana na risiti mkononi. Ukimchosha anayekuja kujiandikisha, unabaki na orodha isiyo na majina, na polisi hawana pa kuanzia. Usalama unataka kila gari na kila pikipiki iwe na nambari, na nambari hazipatikani kwa kumfukuza mwenye nazo haja.

Jibu la tatu ni mazingira: tusigeuzwe jalala la magari makuukuu. Nakubali. Basi gari likaguliwe moshi wake na breki zake palepale mpakani, na bovu lirudishwe siku hiyohiyo. Kulihukumu gari kwa mwaka wake tu, bila kulifungua boneti, ni uvivu uliovaa koti la mazingira.

Kinachotakiwa si kikubwa. Ushuru uliolipwa na kuthibitishwa katika nchi mwanachama uhesabiwe, mnunuzi alipe tofauti iliyobaki. Ukaguzi, uthaminishaji na usajili vifanyike Arua na Koboko, mtu asitumwe Kampala kwa karatasi moja. Viwango vibandikwe ukutani kwa lugha tunazozungumza. Tena, wafanyabiashara wadogo wamekwisha kuwekewa utaratibu mwepesi kwa bidhaa za Jumuiya zisizozidi thamani ya dola 2,000. Kuwe na utaratibu wa namna hiyo kwa pikipiki moja ya mtu mmoja: kiwango kimoja, fomu moja, siku moja. Hapo ndipo serikali itakapokuwa na haki ya kumwita mhalifu yule atakayepita porini.

Baba mdogo, baada ya miezi minne, alishindwa. Alilirudisha gari Congo akaliuza kwa hasara, na fedha iliyobaki ikalipa madeni ya wakala na ya uani. Tangu hapo hajawahi kumshauri kijana yeyote apite njia ya sheria, naye ni mzee wa kanisa. Hiyo ndiyo hasara ambayo haimo katika hesabu yoyote ya bajeti. Nchi imempoteza mtu aliyekuwa tayari kulipa.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu na walimu wetu: mjadala huu ukija tena darasani, tusianze kwa kuuliza kwa nini watu wa mpakani wanapenda magendo. Tuanze kwa kuuliza yule aliyekataa magendo alitendewa nini. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Huku kwetu mbiu imelia tangu miaka ya 1970, na kila ilipolia wakatumwa askari. Safari hii watumwe watu wa kusikiliza, waje na kalamu, na wakae dirishani siku moja upande wetu sisi tunaosubiri.