Kiingereza unakijua, lakini cheti unacho? Ukaazi wa Uingereza unavyowabana Wakenya

Ulifanya KCSE kwa Kiingereza, chuoni ukasomeshwa kwa Kiingereza, na sasa uko kazini Uingereza ukiandika ripoti za wagonjwa kwa Kiingereza kila siku. Ukiomba ukaazi wa kudumu bado utaulizwa: cheti kiko wapi?

Hilo linawagusa wauguzi na wahudumu wengi wa Kenya walioko huko. Katiba ya 2010 inasema Kiingereza ni lugha rasmi yetu, sambamba na Kiswahili. Lakini Uingereza ina orodha yake ya nchi ambazo raia wake hawadaiwi ushahidi wowote wa lugha. Marekani, Australia na Jamaika zimo. Kenya haimo, na majirani zetu Tanzania na Uganda pia hawamo.

Kinachotakiwa ni nini?

Tangu 2013 kiwango kimekuwa B1, yaani uweze kuongea mambo ya kila siku bila kukwama. Kuna njia mbili kuu za kuthibitisha.

Ya kwanza ni mtihani wa kuongea na kusikiliza. Hapa kuna mtego: IELTS ya kawaida haikubaliki. Lazima iwe ile iliyoidhinishwa kwa maombi ya viza, ufanyie kwenye kituo kilichoidhinishwa.

Ya pili ni digrii. Kama uliipatia nje ya Uingereza, shirika la Ecctis lazima lithibitishe kwamba inalingana na ya huko na ilifundishwa kwa Kiingereza. Diploma haihesabiki, na wauguzi wetu wengi wana diploma.

Mbali na hayo kuna mtihani mwingine, Life in the UK. Waliofikisha miaka 65 wamesamehewa yote mawili.

Mbona watu wana wasiwasi?

Mei 2025, serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba inataka kupandisha kiwango cha ukaazi hadi B2, na kusubiri kutoke miaka 5 hadi 10 kwa wengi. Kwa viza ya kazi, wanaoomba mara ya kwanza walianza kudaiwa B2 tarehe 8 Januari 2026.

B2 si kupiga stori tu. Ni kufuata mjadala mgumu na kutetea hoja yako. Aliyeingia na cheti cha B1 alikuwa anajua hatarudia mtihani, kwa sababu kilichokubaliwa mwanzo kilitosha. Kiwango kikipanda, cheti hicho pekee hakitamfikisha.

Serikali inasema lugha huwasaidia wageni kuishi vizuri na wenyeji. Sawa, hakuna anayepinga. Lakini pasipoti haipimi lugha. Muuguzi aliyefaulu mitihani yote kwa Kiingereza analipia mtihani mwingine, na mwenzake wa Jamaika wodi hiyohiyo halipi kitu.

Kwa sasa, tunza kila cheti ulichotumia kuombea viza. Na kama B2 unaiweza, usingoje mwaka wa mwisho ndipo uanze kujiandaa.