Gemu za dunia kubwa: raha iko wapi, na hela inaliwa wapi?

Pita jioni kwenye kibanda cha gemu katika mji kama Tarime, kata ya Nyamisangura ikiwemo, picha ni ileile. Benchi limejaa, pedi mbili zinapokezana mikono, na kwenye skrini ni mpira. Mechi moja, hela yake. Ukifungwa unampisha mwenzako.

Sasa geuza macho kwa yule dogo aliyeegemea ukuta, kainamia simu yake. Huyo hachezi mpira. Anapanda mlima, anakimbizana na joka, anachuma uyoga wa kutengenezea dawa. Muulize gemu inaisha lini, atakucheka: "Mura, hii haina mwisho."

Kwenye hilo neno, "haina mwisho", ndiko kuna sifa na kasoro ya gemu hizi. Wapo wanaosema ndizo gemu bora kuwahi kutengenezwa. Wapo wanaosema zinakula muda, bando na hela, halafu hazikuachii kitu. Tuzipime.

Ni gemu gani hasa?

Ni zile ambazo unapewa mhusika, kwenye baadhi yake unachagua awe shujaa, mwizi au mchawi, halafu unaachiwa nchi nzima ya kubuni utembee utakavyo. Hakuna anayekulazimisha kufuata njia moja.

Majina makubwa yako wazi. Skyrim ya Marekani ilitoka Novemba 2011, na kufikia 2023 ilikuwa imeuza zaidi ya nakala milioni 60. The Witcher 3 ya Poland ilitoka 2015, nayo imevuka milioni 50. Elden Ring ya Japani ilitoka Februari 2022. Kwa sisi wa simu, kubwa zaidi ni Genshin Impact ya China, iliyotoka Septemba 2020. Hiyo kuipakua ni bure, na neno "bure" tutalirudia.

Kwa nini watu wanazipenda

Sababu ya kwanza ni uhuru. Kwenye gemu ya mpira, uwanja una mistari. Kwenye Skyrim unauona mlima kwa mbali, unaamua kuupanda, na unaupanda. Njiani unakuta pango, ndani ya pango kuna barua ya mtu aliyekufa, na barua inakupeleka kwingine. Hadithi umeiokota mwenyewe, hukusimuliwa.

Sababu ya pili ni uzito wa uamuzi. The Witcher 3 inasifiwa kwa hili. Unamsaidia mtu leo ukidhani umetenda wema, baada ya saa kadhaa unakuta kijiji kimeumia kwa sababu yako. Hakuna mwamuzi wa kupuliza filimbi. Unabaki na dhamiri yako.

Sababu ya tatu ni subira. Elden Ring haikuoneshi kila kitu kwenye ramani. Unapigwa, unarudi, unapigwa tena, unajifunza. Aliyeishinda anajua kashinda kweli.

Kasoro ambayo mchungaji ng'ombe angeiona mapema

Sisi wa Mara tuna bahati ya kuwa na kipimo jirani. Hifadhi ya Serengeti ina kilomita za mraba 14,763. Nchi nzima ya Skyrim, yenye milima na miji yake, inakadiriwa kuwa chini ya kilomita za mraba 50. Lakini tofauti kubwa haiko kwenye ukubwa.

Nyumbu wa Serengeti hawakungoji wewe. Mvua ikihama, wanahama. Wanavuka Mto Mara uwepo, usiwepo. Sasa angalia gemu nyingi za aina hii: dunia imesimama, inamsubiri mchezaji. Unaambiwa joka linakuja kuteketeza watu, fanya haraka. Wewe unaenda kuchuma maua siku arobaini, unajenga nyumba, unaoa. Ukirudi, joka bado linakusubiri kwa adabu.

Hata The Witcher 3, pamoja na sifa zake zote, ina tatizo hilo. Unamtafuta binti unayempenda kama mwanao, anawindwa na maadui wabaya, lakini unaweza kukaa baa kutwa ukicheza karata. Hadithi inasema "kimbia", gemu inasema "tulia, zurura". Vitu hivyo viwili vinagombana, na mara nyingi hadithi ndiyo inayoumia.

Kasoro nyingine ni kazi za kujirudia. Ili ramani kubwa isionekane tupu, watengenezaji wanaijaza vijikazi: leta ngozi tano, ua majambazi sita, rudi uchukue malipo. Skyrim ina hata mfumo wa kuzalisha kazi za namna hiyo bila kikomo. Ndiyo maana haina mwisho. Lakini shamba kubwa lenye magugu halimshindi mwenye kashamba kadogo kaliyopaliliwa.

Kibanda hakikujengwa kwa ajili ya gemu hizi

Hapa kuna jambo ambalo wachambuzi wa Ulaya hawaligusi, kwa sababu kule kila mtu ana mashine yake sebuleni.

Kwetu vijana wengi wanacheza kwa kulipia. Mechi ya mpira ni dakika chache. Mwenye kibanda anajua hesabu yake, mchezaji anajua zamu yake. Gemu ya dunia kubwa inataka makumi ya saa, na ukitaka kumaliza kila kitu, unavuka 100. Piga hesabu ya kulipia saa 100 kibandani. Hiyo ni hela ya sare na madaftari.

Kuna tatizo la pili: safari yako inahifadhiwa ndani ya mashine. Kesho anakuja mwingine, anaanza upya juu ya safari yako, na kazi yako ya wiki imefutika. Kwenye mpira hakuna cha kupoteza. Kwenye gemu hii umepoteza shujaa wako, upanga wako na nyumba yako.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema vijana wetu hawapendi gemu za hadithi, wanapenda mpira tu, mwambie asubiri kidogo. Siyo suala la kupenda tu. Mlango wa kuingilia ni mpana kwa mpira na mwembamba kwa hizi nyingine.

Simu imefungua mlango, na nyuma ya mlango kuna dubwi

Ndipo Genshin Impact inapoingia. Huhitaji mashine wala kibanda. Unahitaji simu yenye nguvu kidogo na nafasi ya kutosha, maana ikishapakua kila kitu inakula zaidi ya GB 20. Kwa simu nyingi za bei ya kawaida hapo pameshakuwa pagumu, na bando lake si la kitoto. Lakini gemu yenyewe hulipii.

Hela inaliwa wapi? Kwenye wahusika. Wale wenye nguvu na mavazi mazuri huwapati kwa kutembea tu. Unawavuta kwa bahati nasibu. Nafasi ya msingi ya kupata mhusika wa nyota tano kwa mvuto mmoja ni asilimia 0.6, yaani 6 kati ya 1,000. Gemu inakuhakikishia mmoja ukifika mvuto wa 90, ila anaweza asiwe yule uliyemtaka. Mivuto mingine unaipata bure kwa kucheza. Ikiisha, unanunua.

Tuambizane ukweli: tofauti yake na dubwi liko wapi? Dubwi unatumbukiza sarafu, taa zinawaka, unasubiri. Huku unatumbukiza hela ya mtandaoni, nyota inaanguka kutoka mbinguni, unasubiri. Dubwi walau mara mojamoja linakurudishia sarafu. Huku unarudishiwa picha ambayo huwezi hata kuiuza.

Huu si wasiwasi wa wazazi wa Tarime peke yao. Januari 2025, mamlaka ya Marekani inayolinda watumiaji ilifikia makubaliano na kampuni inayoendesha Genshin: ilipe dola milioni 20, na isiwauzie walio chini ya miaka 16 bahati nasibu hizo bila ridhaa ya mzazi. Huko ni Marekani. Mtoto wa Tarime anayeshika simu ya mama yake hana mtu wa kumlinda zaidi ya mama mwenyewe. Na hapa kwetu aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kubeti, ila gemu ya aina hii inaonekana ni mchezo wa watoto tu.

Na sisi tumo humo?

Kuna swali lingine linalouma kimyakimya. Katika dunia hizi kubwa, nchi ya mfano wetu iko wapi?

Agosti 2024 Genshin ilifungua nchi mpya iitwayo Natlan, iliyochukua mambo mengi kutoka Afrika na kwa wenyeji wa Amerika. Majina yamo. Mmoja wa wahusika anaitwa Iansan, jina lenye asili ya Wayoruba. Lakini wahusika walipooneshwa, wengi walikuwa weupe. Wachezaji walilalamika, na hata baadhi ya waigizaji wa sauti wa gemu hiyo walisema hadharani kwamba si sawa. Ni kama mtu kuazima ngoma yako, akaipiga harusini, akasahau kukualika.

Kiswahili nacho kimezoea kuwa pambo. Wimbo "Baba Yetu" wa gemu ya Civilization IV ya 2005 ulikuwa muziki wa kwanza wa gemu kushinda tuzo ya Grammy, mwaka 2011. Umeimbwa kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Lakini gemu yenyewe haikuwa na Kiswahili cha kuchagua. Skyrim, The Witcher 3, Elden Ring na Genshin nazo hazina.

Mfano uliokwenda mbali zaidi ni Tales of Kenzera: Zau, iliyotoka Aprili 2024. Aliyeiongoza ni Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya. Inamhusu Zau, mganga kijana anayekwenda kwa Kalunga, mungu wa kifo, kumwomba amrudishie baba yake. Salim aliitunga kwa maombolezo ya baba yake mwenyewe. Na unaweza kuicheza sauti zote zikiwa za Kiswahili.

Zingatia kwamba Zau si gemu ya dunia kubwa. Ni njia fupi zaidi, na kwa sababu hiyo hadithi yake haipotei: kila pambano linakurudisha kwenye msiba. Lakini soko halikuwa la huruma. Kabla mwaka haujaisha, studio yake, Surgent Studios, ilipunguza wafanyakazi na kuweka kitengo chake cha gemu kwenye hatari ya kufungwa. Oktoba 2024 ikatangaza kwamba inataka kutengeneza gemu nyingine katika dunia ileile ya Zau, safari hii ya kuigiza mhusika, ikiita mradi huo Uso. Ilipofika 2025, kilichotoka kwanza kilikuwa gemu ya kutisha, ndogo zaidi.

Somo ni gumu lakini liko wazi. Dunia kubwa inajengwa na mamia ya watu kwa miaka. Mwafrika mwenye hadithi nzuri na mfuko mdogo akijaribu kushindana kwa ukubwa wa ramani, ataumia.

Kwa hiyo?

Nikiulizwa mimi, gemu hizi ni nzuri, na anayesema ni upuuzi mtupu hajazicheza. Zinafundisha kusoma mazingira, kuvumilia, kubeba matokeo ya uamuzi. Kijana anayesoma barua zote za Skyrim anasoma Kiingereza kingi kuliko cha daftari lake.

Lakini ukubwa siyo sifa. Ukubwa ni ahadi, na ahadi hiyo mara nyingi inalipwa kwa vijikazi vya kujirudia, au kwa dubwi lililovalishwa mabawa.

Mzazi, usianze kwa kunyang'anya simu. Anza kwa kuuliza gemu ina sehemu ya kununua au haina, na namba ya siri ya hela ya simu ibaki kichwani mwako. Mwenye kibanda, jaribu kumtengea kila mteja sehemu yake ya kuhifadhi safari na bei ya saa badala ya mechi. Huenda ukashangaa nani atakuja.

Na kijana unayeota kutengeneza yako, usianze na kilomita 50 za mraba. Wakurya wana koo, kila ukoo na mnyama wake. Kuna litungu, kuna hadithi za bibi ambazo hazijaingia kwenye skrini yoyote. Kijiji kimoja, mto mmoja, na uamuzi mmoja mgumu vinatosha kuanzia. Muhimu ni kwamba mchezaji akiondoka, mto uendelee kutiririka bila yeye.