Imprimanti ilikataa, dosiye zetu zikabaki mkononi

Vijana wenzetu wa Butembo, Beni, Goma, Bukavu na kwingine kote,

Tulishaandika sana juu ya barabara, juu ya maji, juu ya usalama. Leo tunaandika juu ya imprimanti. Musicheke kwanza. Musome mpaka mwisho.

Tulikuwa wanne, wote na diploma ya universite, wote bila kazi. Tangazo lilisema: barua ya kuomba kazi, CV, kopi ya diploma, kopi ya kadi ya uchaguzi, vyote mara tatu, kwa karatasi, kabla ya saa tisa ya mchana siku ya Ijumaa. Kutuma kwa intaneti hapana. Ijumaa saa tatu ya asubuhi tulikuwa kwa mama mmoja mwenye sekretaria karibu na soko. Umeme ulikuwepo. Karatasi zilikuwepo. Mama akabonyeza, mashine ikanguruma kidogo, ikanyamaza.

«Batoto yangu, jana magaribi ilikuwa inatoka muzuri. Usiku ikajifanyia mizajuri, sasa iko nakatala.»

Mmoja wetu alisoma informatika. Tunaeleza alichofanya, maana siku moja itawafikia na ninyi.

Alizima ordinateri na imprimanti, akachomoa waya, akangoja kidogo, akawasha tena. Bure. Akafungua foleni ya kazi zinazosubiri kuchapwa, kwa sababu karatasi moja ikikwama mbele inafunga njia kwa zote za nyuma. Akaifuta foleni, akasimamisha huduma ya kuchapa ndani ya Windows, akaianzisha upya. Bure. Akaangalia kama sasisho lilichagua mashine nyingine bila kuuliza. Hapana. Akaondoa programu inayounganisha ordinateri na imprimanti, akaiweka upya. Bure. Saa mbili zilishapita.

Mwisho akafanya kile angepaswa kuanza nacho: kutoa ukurasa wa majaribio kwa mashine yenyewe, bila ordinateri. Na huo ukakataa. Hapo tukajua kwamba ugonjwa hauko kwa ordinateri. Kwenye kioo kidogo cha mashine kulikuwa na maneno haya: kartushi haitambuliki. Kartushi ile ile iliyochapa jana! Wino wake ulikuwa bado mwingi.

Tukakimbia kwa sekretaria nyingine, tukapanga mstari nyuma ya watu wengi. Wawili kati yetu walifika kwa wakati. Wawili walikuta mlango umefungwa, na mlinzi akasema bila hata kuamka kwenye kiti: «Bureau imefunga.» Mwaka mzima wa kungoja tangazo, ukakwama kwa wino.

Sasa tuseme ukweli. Mashine ile haikuharibika. Iliamriwa.

Kartushi nyingi za leo zina chipu ndogo. Imprimanti inaiuliza chipu: wewe ni wa nani? Jibu lisipoipendeza, inafunga. Programu inayouliza swali hilo iko ndani ya mashine, na kampuni inaweza kuibadilisha kutoka mbali, usiku, ukiwa umelala. Mama alinunua kartushi yenye chipu ya kampuni nyingine kwa sababu ile ya asili bei yake ilikaribia bei ya mashine. Alilipa mashine, alilipa karatasi, alilipa kartushi, alilipa hata mega za intaneti zilizoleta sasisho lenyewe. Lakini ruhusa ya kuchapa ilibaki kwa mtu mwingine.

Msituambie hii ni hasira ya watu wasio na kazi. Tarehe 13 Septemba 2016, imprimanti nyingi za HP katika nchi mbalimbali zilianza siku moja kukataa kartushi zenye chipu zisizo za kampuni. Watu walilalamika kwa sauti, na kabla mwezi ule haujaisha kampuni ikaahidi sasisho lingine la kuondoa kizuizi, kwa anayelitaka. Mwaka 2020, mamlaka ya ushindani ya Italia iliipiga HP faini ya euro milioni 10, kwa sababu wanunuzi hawakuelezwa waziwazi juu ya vizuizi hivyo. Huko Marekani, mwaka 2017, Mahakama Kuu iliamua katika kesi ya Lexmark kwamba kampuni ikishauza kartushi, haki yake ya hataza juu ya kartushi ile inaisha. Wenzetu walipiga kelele, na kelele zikazaa kitu. Sisi tunasema «ni mambo ya mashine» na tunarudi nyumbani.

Wengine watasema: kampuni inatulinda na wino mbaya. Sawa. Basi ituonye, halafu ituache tuchague. Anayekuuzia sufuria hawezi kurudi usiku kuifunga kifuniko kwa sababu ulinunua unga kwa jirani.

Wengine watasema: mukatae masasisho yote. Hapana, huo nao ni ujinga. Mwaka 2021 kulionekana tundu baya katika huduma ya kuchapa ya Windows, lile waliloliita PrintNightmare, na sasisho ndilo lililoliziba. Tunataka masasisho yanayoziba matundu. Hatutaki yanayotufungia mlango.

Na tukumbuke: tantali inayotumiwa katika vyombo vya elektroniki duniani inatoka katika coltan, na coltan inachimbwa hapa kwetu Kivu. Vijana wenzetu wanashuka shimoni kuitoa. Halafu chombo kinaturudia kikiwa na bwana ndani yake.

Kwa hiyo tunadai:

1. Wanaoleta na kuuza imprimanti waandike wazi kwenye sanduku, kwa lugha tunayoielewa, kama mashine inakataa kartushi nyingine. Na mnunuzi ajue kabla ya kulipa.

2. Ofisi za serikali zinazopima bidhaa mpakani, ambazo zinajua vizuri kutoza, zijue pia kuuliza swali hilo.

3. Wanaotafuta wafanyakazi wapokee dosiye kwa intaneti. Kopi tatu za karatasi, katika muji ambao umeme wenyewe ni bahati, ni njia ya kuwachuja masikini. Katiba yetu, kifungu cha 36, inasema kazi ni haki takatifu ya kila Mkongomani. Haisemi: kila Mkongomani mwenye wino.

4. Na sisi wenyewe: tusingoje siku ya mwisho. Wenye sekretaria, muingie katika mipangilio ya imprimanti muzime sasisho la kujifanya lenyewe, na mutunze programu ya zamani kwenye kle. Mashine ikigoma, muanze na ukurasa wa majaribio, mupige picha ya ujumbe wa kosa, mutuletee. Tunakusanya.

Mama yule bado anatafuta pesa ya kartushi ya asili. Wenzetu wawili bado wanangoja tangazo lingine. Tukinyamaza kwa kitu kidogo kilicho mezani kwetu, nani atatusikia tukisema juu ya vikubwa?

Tusinyamaze.