Ringi Pana kwa Baiskeli ya Shamba: Nunua, ila Pima Kwanza

Wiki hii sitaongelea kantangaze wala mbolea ya kukuzia. Naomba tuongee ringi za baiskeli. Najua kuna atakayesema afisa ugani kaishiwa mada. Subiri kidogo.

Huku Ilula nyanya nyingi zinaharibika baada ya kuchumwa, mkulima akiwa tayari ameshalipa mbegu, dawa, maji na vibarua. Kijana anatunza shamba miezi mitatu, anachuma nyanya safi, halafu kipande cha kilomita sita kutoka bondeni hadi barabara ya lami kinammalizia. Mnunuzi anafungua kreti, anabonyeza mbili tatu, anaona zilizopasuka chini, na bei inashuka hapohapo. Wewe unasema mnunuzi ni mnyanyasaji. Mimi nasema tuangalie pia gurudumu la nyuma.

Wengi wenu mnatumia baiskeli za gia za mtumba, zile za tairi la inchi 26. Ni baiskeli nzuri. Fremu ngumu, gia za kupandia mlima, na mafuta hazinywi. Ukisema pikipiki ni bora, sikubishii, ila piga hesabu ya petroli ya safari nne kwa siku wakati wa mavuno ndipo tuongee. Shida ya baiskeli hizi ni kwamba nyingi zilikuja na ringi nyembamba, upana wa ndani milimita 17 hadi 19. Zilitengenezwa kumbeba mtu mmoja, siyo mtu na kreti mbili kwenye keria.

Siku moja tulipandisha gurudumu la nyuma la baiskeli iliyopakiwa kwenye mizani ya magunia, kijana akiwa juu ya kiti. Likasoma kilo 92. Gurudumu moja hilo! Sasa mzigo wote huo umekaa juu ya tairi pana lililobanwa miguuni na ringi nyembamba. Tairi linakuwa na umbo la balbu ya taa: tumbo kubwa, shingo ndogo. Ukikata kona linalala upande, mzigo unayumba, na wewe unaongeza upepo ili litulie. Ukijaza upepo mpaka tairi liwe kama jiwe, kila mtikisiko wa njia unapanda moja kwa moja kwenye nyanya. Ukipunguza, ringi inagonga jiwe, inabana tyubu na kutoboa matundu mawili pacha. Fundi anakwambia ni pancha ya kawaida. Si ya kawaida. Ukiona matundu mawili yaliyokaa sambamba, hapo hakuna msumari, ni ringi imeibana tyubu.

Ringi pana inasaidia hapo. Miguu ya tairi inakaa mbalimbali, tairi linasimama wima bila kulala, hewa ya ndani inaongezeka kidogo, na unaweza kupunguza upepo bila kuyumba. Mimi kwa tairi la inchi 2.1, nikiwa na mzigo, nilikuwa najaza psi 60. Sasa naenda na 45 na sijapata ile pancha ya matundu mawili tangu nibadilishe. Hata mikono haifi ganzi.

Lakini hapa ndipo vijana mnaponichosha. Mkisikia pana ni nzuri, mnataka pana kuliko zote. Nami nilifanya hivyohivyo, kwa hiyo siwacheki. Ringi zangu za kwanza zilikuwa na upana wa ndani milimita 35. Nikazivalisha tairi zangu zilezile za inchi 2.0, yaani milimita 50 hivi. Tairi likatanuka likawa kama sanduku, mgongo bapa, na kingo za ringi zikabaki wazi pembeni, hazina kinga. Wiki ya pili tu, jiwe likakunja ukingo. Nililaumu ringi, nikamlaumu na muuzaji. Kumbe kosa lilikuwa langu, sikupima.

Kanuni yangu ya sasa ni ya mkono tu, siyo ya maabara: upana wa ndani wa ringi usizidi nusu ya upana wa tairi, na usipungue theluthi moja. Tairi la inchi 2.1 lina milimita 54 hivi. Nusu yake ni 27, theluthi ni 18. Kwa hiyo ringi ya 25 inakaa vizuri kabisa. Kwa shughuli zetu naona 25 inatosha karibu kila mtu. Ukitaka 30, basi uwe na tairi la 2.4, na uhakikishe linapita kwenye fremu.

Hilo la kupita kwenye fremu lina watu wake waliolia. Kati ya tairi na fremu acha angalau milimita 6 kila upande. Mimi kwa tope letu nataka 10, maana mvua zikianza, tope likijaa pale gurudumu halizunguki tena, unabeba baiskeli na nyanya begani.

Jinsi ya kusoma vipimo: usinunue kwa kuambiwa "hii ni ya ishirini na sita". Angalia namba ubavuni mwa tairi. Ikiandikwa 54-559, 54 ni upana na 559 ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye ringi, vyote kwa milimita. Ringi nayo iwe 559. Baiskeli ya inchi 27.5 ni 584, ya 29 ni 622. Zile baiskeli zetu za wazee, za inchi 28 kwa moja na nusu, ni 635, na hiyo haivai tairi la 29 hata ulipake sabuni. Nimeona mtu ameshaondoka na ringi dukani, amefika nyumbani tairi linachezacheza kama kofia ya mkubwa kichwani kwa mtoto.

Breki pia. Kama breki zako zinabana ringi, nunua ringi yenye ubavu bapa wa kubanwa. Zinauzwa ringi za breki za diski ambazo ubavu wake haukutengenezwa kwa kazi hiyo. Zinapendeza, zimepakwa rangi nyeusi, na kwenye mteremko ukiwa na kreti mbili pedi hazishiki inavyotakiwa. Hiyo ni hatari ya kukupeleka hospitali, siyo ya kupoteza nyanya tu. Na uchague alumini. Ringi ya chuma ikilowa, breki zinateleza sana.

Sasa niseme neno ambalo wauza ringi hawatalipenda. Kwa baiskeli ya mzigo, upana ni jambo la pili. La kwanza ni ringi ya kuta mbili na spoki za kutosha. Chungulia ndani kwenye tundu la spoki: kichwa cha kukazia kikiwa kimezama chini ya ukuta wa pili, hiyo ni ya kuta mbili. Nyuma weka matundu 36 kama habu yako inaruhusu. 32 mbele haina shida. Hesabu matundu ya habu kabla hujalipa ringi. Wazee waliotengeneza baiskeli za mzigo waliweka spoki 40 nyuma na 32 mbele, na hawakuwa wajinga.

Na usikubali fundi arudishie spoki za zamani kwa kubahatisha. Ringi mpya inaweza kuwa na kina tofauti, hivyo spoki zikawa fupi na kushikwa na nyuzi mbili tatu tu, au zikawa ndefu na kuchoma tyubu. Mimi ziliniachia mbili kwa mpigo nikiwa katikati ya mteremko. Baada ya safari za wiki ya kwanza, rudi kwa fundi azikaze upya. Fundi anayekwambia hakuna haja, tafuta mwingine.

Tairi zisizotumia tyubu? Achana nazo kwa sasa. Ile dawa ya kuzibia ni ngumu kuipata vijijini.

Nisije nikaonekana nauza ringi. Kama unajaza kreti mpaka nyanya zinatokeza juu, halafu unapanga nyingine juu yake, gurudumu la aina yoyote halikuokoi. Kama unachuma zilizoiva kabisa kwa ajili ya soko la mbali, vilevile. Chuma zinazoanza kupiga rangi, jaza chini ya ukingo, tandika kipande cha godoro kuukuu kwenye keria. Hayo hayana gharama, fanya kesho asubuhi. Ukishayafanya na bado zinapasuka, hapo ndipo pesa ya ringi ina kazi. Na kama pesa ni ya gurudumu moja tu, badilisha la nyuma, la mbele lisubiri mavuno yajayo.

Jumamosi nitakuwepo pale mnapopakilia magari, nina rula ya chuma na mizani. Njoo na baiskeli ikiwa imepakiwa kama unavyoipakia siku zote, usiipunguze mzigo kwa kunionea aibu.